Nzige Saba wa Mbebe

Juzi nilimgombeza mkwe wangu bila kosa. Mtoto wa watu alikuja kunitembelea, akaona vitenge vyangu vimeanza kutobolewa, akaninunulia vile vidonge vyeupe vya kufukuzia nondo na kuvitia sandukuni. Niliporudi kutoka kanisani nikafungua sanduku nitoe shuka, harufu ikanipiga usoni. Nilipiga kelele hadi jirani akachungulia uani. "Nani kaleta uchafu huu ndani mwangu? Toa! Katupe chooni!" Binti akabaki kakodoa macho, vidonge mkononi. "Mama, ni vya nguo tu." Nikamwambia najua ni vya nini, nilivijua kabla mama yake hajazaliwa. Halafu nikakaa kitandani nikalia, mtu mzima mimi, na mvi zangu zote hizi.

Nilimwomba radhi baadaye. Lakini sikumweleza, na yeye ana adabu zake, hakuuliza. Ninyi wenzangu mliokulia kule milimani Ileje, mliofukuza nzige kwa debe na matawi hadi sauti zikakauka, ninyi nawaeleza. Mmoja wenu akiona nimekosea atanisamehe kwa sababu ya uzee.

Baba yangu kazi yake ilikuwa kuchora nzige. Msicheke. Kulikuwa na Mzungu aliyetumwa na serikali kufuatilia nzige wekundu huko mabondeni wanakozaliana, watu wakamwita Bwana Nzige, na jina lake halisi sikupata kulijua. Baba alichukuliwa kwanza kubeba mizigo. Siku moja Bwana Nzige akakuta kwenye kifuniko cha kasha mtu kachora nzige kwa mkaa, miguu yote sita, na miiba ya miguu ya nyuma imehesabiwa. Akauliza ni nani. Baba akadhani anafukuzwa kazi. Badala yake akapewa penseli, rangi za maji na brashi nyembamba kama unyusi wa mtu.

Masika hema la kule bondeni lilivuja, kwa hiyo baba aliletewa kazi nyumbani kwetu Mbebe. Aliweka meza chini ya dirisha, na juu ya meza lilikaa sanduku la mbao lenye kifuniko cha kioo. Humo ndani nzige walipangwa mistari kwa mistari, kila mmoja kachomwa pini kifuani, bawa moja limefunguliwa na jingine limefungwa. Chini ya kila nzige, kwenye pini hiyo hiyo, palikuwa na kijikaratasi chenye maandishi madogo sana. Pembeni kulikuwa na kifuko cha vile vidonge vyeupe. Ndiyo hiyo harufu. Nyumba yetu nzima ilinuka hivyo, na mimi nikaipenda, kwa sababu ikinuka hivyo baba yuko nyumbani.

Alikuwa akiniruhusu kukaa karibu yake nisipotikisa meza. Mimi nina jina la mama yake, kwa hiyo aliniita "mama yangu," hata aliponikaripia. Alihesabu mishipa ya bawa kwa kunong'ona, akikosea anaanza upya. Nzige mmoja alikuwa amevunjika kipapasio cha kushoto, kile kiuzi cha kichwani, kikabaki kipande tu. Baba akamchora na kipande chake. Nikamwambia, "Baba, mmalizie." Akasema, "Namchora alivyo, mama yangu. Bwana anataka kumjua huyu hapa, siyo wa kuwazia." Kwa vile vijikaratasi ndivyo alivyonifundisha kusoma. Itaka. Isongole. Mbebe. Neno la kwanza nililosoma maishani mwangu ni jina la kijiji chetu, chini ya tumbo la nzige.

Sasa mkumbuke nzige kwetu ni chakula. Kundi likitua, watu wazima wanalia kwa ajili ya ulezi, sisi watoto tunakimbia na vikapu. Tulikata nyasi ngumu, tukawatunga nzige kwa kuwachoma kifuani, kumi kwa kila unyasi, tukawaanika kwenye uchaga mmoja wa kijiji juu ya moshi. Na kwa kuwa uchaga ulikuwa wa wote, kila nyumba ilifunga alama yake chini ya nyasi zake isije ikagombana na jirani. Wengine walifunga jani la mgomba, wengine kipande cha kaniki. Sisi tulifunga uzi mwekundu. Kula nzige wenye alama ya mwenzio ilikuwa aibu kubwa, mtoto alichapwa hadharani.

Mwaka ule kundi lilitua kwetu mara mbili. Mara ya kwanza likala ulezi, mara ya pili likala mahindi tuliyopanda upya, na migomba likaiacha mifupa. Tulikula nzige hadi tukawachoka. Kisha wakaondoka, uchaga ukaisha, na ndipo tulipojua njaa ni nini. Baba alikuwa na kazi, lakini kazi hailiwi. Duka la Isongole lilibaki na chumvi, sabuni na vitambaa. Tulichimba mizizi porini. Mdogo wangu Ambakisye, wa miaka minne, akaanza kuvimba miguu na nywele zake zikageuka rangi ya kutu. Alikuwa mtoto mcheshi, mwenye maneno mengi kuliko umri wake. Akanyamaza. Kumwona mtoto yule amenyamaza kuliniogopesha kuliko ile miguu.

Mama alikuwa na dada yake aliyeolewa Itaka, ambako nzige walipita juu bila kutua. Akafunga vitenge vyake viwili vya harusi, akasema atakwenda kuvibadilisha kwa mahindi. Siku mbili kwenda, siku mbili kurudi, na siku ya tano angekuwa nyumbani. Alimshika Ambakisye mashavu. "Baba, nikuletee nini?" Ambakisye akasema, "Nzige." Mama akacheka, akasema nzige wa nini tena, atamletea mahindi ya kuchoma. Akaenda.

Siku ya tano asubuhi baba naye aliondoka. Lori la Bwana Nzige lilikuwa lipite Isongole, naye alitaka kuomba unga. Kabla ya kuondoka alifungua sanduku, akachukua kichupa kutoka juu ya ukuta, akachovya unyoya wa kuku na kuupitisha juu ya nzige mmoja mmoja, taratibu. Nilidhani anawapangusa vumbi. Akafunga kifuniko. "Mama yangu, mpe mwenzio uji ule uliobaki. Na sanduku lisiguswe, humo mna vitu vya watu. Jua likiinama nitakuwa nimerudi." Nikaitika.

Ambakisye aliukataa uji. Ulikuwa wa mizizi, mweusi, mchungu, hata mimi niliunywa kwa kuziba pua. Nikambembeleza, nikamtisha, nikamwimbia. Akageuza uso. Halafu, baada ya siku nyingi za kunyamaza, akasema, "Dada, nataka nzige."

"Wameisha, Amba."

"Wale wa baba je?"

Sijui kama mtanielewa. Nilisimama mbele ya kile kioo na kwa mara ya kwanza nikaona nilichodhani ni ukweli wote. Nzige waliokauka vizuri, wanono kuliko wote. Wamechomwa kifuani kama tunavyowachoma sisi, ila kwa pini badala ya unyasi. Na chini ya kila mmoja alama ya mwenyewe. Hawa wa Itaka. Hawa wa Isongole. Hawa wa Mbebe. Niliwaza: kumbe serikali ina akili, imewekea kila kijiji akiba yake kwa siku ya njaa, na baba ndiye mtunza uchaga! Vitu vya watu, alisema. Basi sisi si watu wa Mbebe? Na njaa si ndiyo hii?

Nikahesabu wa Mbebe. Walikuwa saba. Hao saba tu ndio niliowatoa, naapa mbele ya Mungu, sikugusa hata mguu wa nzige wa Itaka. Nilijiona mtoto mwenye haki kuliko watoto wote wa Ileje.

Niliwachoma juu ya makaa nikiwashikilia kwa pini zao, nikiunguza vidole, na vijikaratasi vikashika moto vikapeperuka. Pini nilizitupa jivuni. Nikanyunyiza chumvi. Wa kwanza alikuwa yule wa kipapasio kilichovunjika, na Ambakisye alimtambua, maana naye alikuwa akichungulia mezani. "Huyu ndiye yule mwenye kiuzi kimoja," akasema, akamtafuna. Akakunja uso kidogo. Nikaongeza chumvi. Akala wa pili, wa tatu, akaanza kuzungumza. Aliniuliza kama nzige wana baba. Aliniuliza kama mama atawakuta njiani. Jamani, nilifurahi! Nilikuwa nimemrudisha mdogo wangu, mimi peke yangu, wakubwa wote wameshindwa. Alipofika wa sita akalamba vidole, akanisukumia wa saba. "Kula wewe, dada. Mimi nimeshiba."

Nikamtia mdomoni. Alikuwa mchungu, uchungu wa kukwangua ulimi, nikamtema motoni. Nikasema moyoni labda huyu ameungua.

Adhuhuri tumbo likaanza kumkata. Akatapika, akajikunja, akaomba maji, akayatapika maji. Nilimfuta, nikamkanda tumbo, nikakimbia kwa jirani, wako porini kuchimba mizizi, nikarudi. Baba alirudi jua likiinama kama alivyoahidi, na kimfuko cha unga begani. Alikitupa mlangoni.

"Amekula nini?"

"Uji," nikasema.

Huo ndio uongo wangu wa kwanza, na ndio uliozaa mingine yote. Baba alinitazama. Akaenda mezani, akafungua kifuniko, akahesabu nafasi saba zilizo wazi. Akafunga. Hakuniuliza tena. Alimbeba Ambakisye akaenda naye nyumba hadi nyumba akiomba maziwa, na kwenye nyumba ya mwisho akapata kibuyu nusu. Ambakisye alikunywa akatapika. Alifariki asubuhi, jua limetoka, kichwa chake kwenye mkono wa baba.

Mchana wa siku ile mama akafika. Tulimwona kwenye mteremko, debe la mahindi kichwani, anatembea haraka. Aliposikia kilio hakutupa debe. Alilitua taratibu, akalifunika, kama mtu anayeogopa yasimwagike, ndipo akaketi chini na kupiga ukelele ambao sitaki kuueleza. Dada yake alikuwa amemzuia siku moja zaidi ili ampe na maharage kidogo. Siku moja. Miaka yote iliyofuata, kila tulipovuna, mama alitenga hindi la kwanza pembeni na kusema polepole, hasemi na mtu, "Siku moja tu." Baba alikuwa akitoka nje.

Bwana Nzige alipokuja kuchukua sanduku, baba alimwambia siafu waliingia. Mzungu akasikitikia nzige wake wa Mbebe, akafurahi kuwa angalau picha zao zimekwisha kuchorwa, akaondoka nazo. Hakuna aliyemwambia kuwa pale nyuma ya nyumba kuna kaburi jipya, na yeye hakutazama huko.

Nilipopelekwa shule ya misheni, mwaka wa pili mwalimu alibandika ukutani karatasi kubwa iliyochapishwa Ulaya, ya kufundisha watu kuwajua nzige na watoto wao tunutu. Katikati alikuwamo nzige mmoja mkubwa, bawa moja limefunguliwa. Kipapasio cha kushoto kilikuwa kipande. Nilimtambua mara moja. Mwalimu akasema, "Mchoraji alikosea hapa, kasahau kummalizia," darasa likacheka. Sikucheka. Miaka mitatu nilisoma nikitazamana na nzige niliyemchoma kwa mkono wangu, na jina la baba halikuandikwa popote kwenye karatasi ile.

Nilikuwa nimekwisha kuolewa na kuzaa watatu nilipopata ujasiri. Nilikwenda kuwasalimu, mama akawa yuko mtoni, mimi na baba tunapukuchua maharage uani. Nikasema bila kumtazama, "Baba, uji hakuula."

Aliendelea kupukuchua. Kisha akanyanyuka, akaingia ndani, akarudi na kopo lake la penseli. Chini ya penseli kulikuwa na kitambaa, na ndani ya kitambaa pini saba, nyeusi kwa moto. "Nilizitafuta jivuni mpaka zikatimia," akasema. "Siku ile ile."

"Kwa hiyo ulijua? Miaka yote hii, baba! Mbona hukunichapa?"

"Nikuchape kwa lipi, mama yangu? Sumu niliipaka mimi. Asubuhi ile, kwa mkono huu. Chupa ilikuwa na picha ya fuvu, na mimi nilijua maana yake. Nilikuacha na njaa na nzige nyumba moja, nikakwambia usiguse, bila kukwambia kwa nini. Mtoto wa kwetu unamwambia asiguse nzige?" Ndipo nilipojua kuwa baba naye aliuaga usingizi siku ile niliyouaga mimi, tukiwa nyumba moja, bila kuambiana.

Nikamuuliza kama mama anajua.

"Mama yako anaamini ni njaa, na kwamba alichelewa. Nikimwambia leo, atatuangaliaje? Acha, mama yangu. Uniahidi." Nikaahidi. Niliahidi upesi mno, nawaambieni ukweli. Ahadi ile ilinipa raha.

Baba alitangulia. Mama alimfuata baada ya miaka mingi, na siku zake za mwisho alikuwa kwangu, Tunduma, chumba hiki hiki. Mwili umekwisha, akili nzima. Asubuhi moja nilikuwa namlisha uji, akausukuma mkono wangu.

"Wewe ulikuwa naye," akasema. Hakutaja jina, hakuhitaji. "Sijakuuliza, maana ulikuwa mtoto na niliogopa kukuumiza. Sasa nakwenda. Niambie kitu kimoja tu, mwanangu, nikikutana naye nisione aibu. Alikufa na njaa?"

Kijiko mkononi. Jibu nilikuwa nalo ulimini, lile lile lililokaa hapo tangu utotoni. Lakini ningemjibu, angeuliza alikula nini, na baada ya hapo angeuliza alikipata wapi. Nikawaza ahadi ya baba. La, nisijitetee kwa marehemu: nilijiwazia mimi.

"Sikumbuki, mama. Nilikuwa mdogo."

Alinitazama kidogo. "Basi alikuwa nayo," akasema, akageukia ukutani. Aliishi siku nne zaidi na hakuniuliza kitu tena, wala uji hakuugusa.

Pini ninazo mimi sasa. Vidonge vya mkwe wangu vimetupwa, harufu bado imo kwenye vitenge. Kila nikiisikia namjibu mama, kwa sauti, humu chumbani, na jirani adhani nimechanganyikiwa akitaka. Hakufa na njaa, mama. Alikula sita, na wa saba akanipa mimi. Alisema mwenyewe, kwa mdomo wake: nimeshiba.